Kurekebisha direla ya nyuma ya baiskeli: gia ziingie bila kelele wala kuruka

Gia za nyuma zikianza kusumbua, wengi hukimbilia zile skrubu mbili zilizoandikwa H na L, wakazizungusha nusu huku na nusu kule, mpaka baiskeli inakuwa mbovu kuliko ilivyoletwa. Skrubu hizo hazipangi gia. Kazi yake ni kuizuia direla (mkono unaohamisha cheni) isipitilize mwisho wa sproketi (magurudumu ya meno), moja upande wa nje na nyingine upande wa spoki. Ni kuta mbili za chumba, basi. Kinachoamua kama cheni itakaa sawasawa kwenye sproketi ya tatu au ya nne ni waya. Baiskeli iliyokuwa ikibadilisha vizuri mwezi uliopita na leo haibadilishi, na hakuna aliyegusa skrubu, karibu kila mara ina waya mchafu au uliolegea, au imeanguka upande wa kulia na hanga, kipande kinachoshika direla, imepinda.

Tuchukue baiskeli inayoonekana kila mtaa: ya milima, gia 21, yaani sproketi 3 mbele na 7 nyuma, yenye direla ya Shimano Tourney au inayofanana nayo. Yenye gia 18 (3 kwa 6) au 24 (3 kwa 8) hufuata hatua zilezile.

Direla ni ule mkono unaoning'inia chini ya ekseli ya nyuma, wenye vigurudumu viwili vya plastiki. Kigurudumu cha juu ndicho kinachoielekeza cheni kwenye sproketi. Cha chini huikaza tu. Hanga ni kipande cha chuma chenye tundu la nyuzi ambamo direla imefungwa. Kwenye fremu nyingi za bei nafuu hanga ni bati nene la pekee yake, lililobanwa na nati ya ekseli. Shifta ni kibadilishio kilichopo kwenye usukani.

Jambo la kukariri kabla ya yote: waya ukivutwa, cheni hupanda kuelekea sproketi kubwa, waya ukiachiwa, springi ya direla huirudisha nje kuelekea sproketi ndogo. Na usichanganye namba. Kwenye shifta ya kulia, 1 ni sproketi kubwa kabisa, gia nyepesi ya kupandia mlima, na 7 ni ndogo kabisa.

Kwa nini milimita moja inasumbua

Kwenye seti ya sproketi 7, umbali wa kutoka katikati ya sproketi moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 5. Kila shifta inapolia tik, huvuta waya karibu milimita 3, na direla ya Shimano ya aina hii hukuza mwendo huo kwa takriban mara 1.7. Kwa hiyo waya uliolegea milimita 1 peke yake unaiacha cheni milimita 1.7 pembeni ya mahali pake, theluthi nzima ya safari ya kwenda sproketi ya pili. Ndiyo maana marekebisho hufanywa kwa robo ya mzunguko, si kwa mizunguko mitatu.

Andaa vifaa: bisibisi ya nyota inayokaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu (ikicheza italila jino, na skrubu hizi ni laini), alenki namba 5 au spana namba 9 kutegemea bolti inayobana waya, plaisi, spana namba 15 ya nati za ekseli, brashi, kitambaa, mafuta ya taa kidogo, na oili nyepesi.

Baiskeli usiipindue miguu juu. Ikisimama kwa usukani, waya hukunjwa pale kwenye shifta na mvutano wake unabadilika, nawe utapanga gia zitakazoharibika ukiigeuza tena. Pitisha kamba chini ya kiti uifunge kwenye tawi au boriti, gurudumu la nyuma liwe hewani. Mkono wa kulia uzungushe pedali, wa kushoto ushike shifta au bisibisi.

Ukaguzi kabla ya bisibisi

Anza na gurudumu. Ekseli iwe imeingia mpaka mwisho wa mkato wa fremu pande zote mbili, na nati zimekazwa. Gurudumu lililokaa kombo hupeleka sproketi zote kombo, na hapo hakuna marekebisho ya direla yatakayosaidia.

Simama nyuma ya baiskeli, inama mpaka jicho liwe sawa na direla. Vigurudumu viwili vya plastiki vinatakiwa kuwa kwenye mstari mmoja wa wima, ubavu wake ukienda sambamba na sproketi. Kigurudumu cha chini kikiwa kimeelekea kwenye spoki, hanga imepinda. Hili huonekana hata kwa macho, na ndilo linalosahaulika kuliko yote, hasa kwa baiskeli za mtumba zilizosafiri kwenye kontena zikiwa zimelaliana.

Kama hanga ni la bati la kufungua, lifungue, libane kwenye jiliwa na ulinyooshe taratibu. Kama ni sehemu ya fremu ya chuma, ipo njia nzuri isiyohitaji kifaa cha dukani. Nyuzi za tundu la hanga ni milimita 10 kwa hatua ya milimita 1, na ekseli nyingi za gurudumu la nyuma zina nyuzi hizohizo. Fungua direla, chukua gurudumu jingine la nyuma, ingiza ncha ya ekseli yake kwenye tundu la hanga kutokea nje, kisha izungushe kwa kushika nati za upande wa pili. Iingie kwa vidole. Ikigoma usiilazimishe, kwa sababu zipo ekseli za nyuzi za inchi ambazo zitakula tundu. Sasa una magurudumu mawili ubavu kwa ubavu. Pima kwa rula umbali kati ya rimu na rimu: juu, chini, mbele na nyuma. Tofauti isizidi milimita 4. Ikizidi, lisukume au livute gurudumu la nje kidogo kidogo mpaka vipimo vikaribiane. Fremu ya aluminiamu inyooshwe kwa tahadhari kubwa na mara moja tu, maana aluminiamu ikipindwa mara ya pili hupasuka.

Kisha cheni. Hakikisha inapita ndani ya kizimba cha direla, si juu ya kile kijino cha bati kilichopo kati ya vigurudumu viwili. Cheni iliyopitishwa vibaya hapo hukwaruza muda wote. Pima na uchakavu: kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 mbele yake, cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na 1/16, inunuliwe nyingine. Ikifika 12 na 1/8, friwili (seti ya sproketi za nyuma) nayo imeshaliwa, na cheni mpya juu yake itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Cheni yenyewe iwe ya baiskeli za gia. Cheni ya baiskeli ya Phoenix na nyingine zisizo na gia ni pana, upana wa ndani karibu milimita 3.2, wakati ya gia 6 hadi 8 ni milimita 2.4. Ile pana huzunguka, lakini haitabadilisha gia kwa usahihi hata siku moja.

Waya: hapa tulia

Weka gia namba 1 huku ukizungusha pedali. Acha kuzungusha, kisha peleka shifta namba 7. Waya utalegea mzima, na maganda (mirija inayofunika waya) yatachomoka kwenye vishikio vya fremu vyenye mkato, bila kufungua bolti yoyote. Telezesha kila ganda juu ya waya kwa vidole viwili. Liteleze bila kukwama. Likikwaruza, kuna kutu au udongo ndani.

Kipande kinachougua kwanza ni kile kifupi kinachopinda kuingia nyuma ya direla. Kipo chini, kinatazama barabara, na maji ya matope huingia humo. Vumbi la barabara ya udongo likichanganyika na maji ya mvua hugeuka saruji ndani ya ganda. Kikikwama, usikimwagie oili nzito ukadhani kimepona. Kibadilishe, gharama yake ni ndogo.

Ganda la gia si ganda la breki. Tazama ncha iliyokatwa: la breki lina bati jembamba lililosokotwa kama springi, la gia lina nyuzi nyingi za chuma zilizonyooka kufuata urefu wake. La breki hubonyea kidogo kila waya unapovutwa, na hiyo milimita inayopotea ndiyo tuliyoihesabu hapo juu. Mtu mwenye baiskeli yenye ganda la breki upande wa gia anaweza kurekebisha kila wiki na asipate raha. Waya nao una kipimo: wa gia ni milimita 1.2 na kichwa chake kidogo, wa breki ni karibu 1.6.

Ukikata ganda, ncha iwe tambarare. Ifute kwa tupa, fungua tundu la plastiki la ndani kwa sindano, ivishe kofia yake. Urefu utoshe ganda liingie kwenye direla likiwa limenyooka. Fupi mno huvuta direla, refu mno hujikunja na kuongeza msuguano.

Kupanga

Fungua waya kwanza. Shifta ikiwa namba 7, legeza bolti na uutoe. Kisha tafuta kipipa cha kurekebishia: kile kipande cha duara chenye mikwaruzo, kinachozungushwa kwa vidole pale ganda linapoingia kwenye direla au linapotokea kwenye shifta. Kiingize mpaka mwisho, halafu kirudishe mzunguko mmoja na nusu, upate nafasi ya kukaza na ya kulegeza.

Ukuta wa nje ni skrubu H. Zungusha pedali, kwa kuwa waya haupo, springi itaipeleka cheni kwenye sproketi ndogo. Kutoka nyuma, kigurudumu cha juu kiwe chini ya sproketi ndogo kabisa, kikiegemea ukingo wake wa nje kidogo. Kukaza H, yaani kuzungusha kama saa, husogeza direla kuelekea gurudumu. Kulegeza huitoa nje. Ikiwa nje sana, cheni huanguka kati ya sproketi na fremu na kubanwa humo. Ikiwa ndani sana, cheni hugusa sproketi ya pili na kulia, au haishuki kabisa namba 7.

Ukuta wa ndani ni skrubu L, na huu ndio wenye hatari. Waya ukiwa bado nje, zungusha pedali polepole huku ukisukuma direla kwa mkono kuelekea spoki. Shika mwili wa direla, vidole mbali na cheni. Cheni itapanda sproketi moja baada ya nyingine mpaka kubwa. Hapo direla igonge ukuta, na kigurudumu cha juu kiwe katikati ya sproketi kubwa, kisivuke. Ikitaka kuendelea, kaza L robo robo. Ikishindwa kupanda, ilegeze robo. L iliyolegea huiangusha cheni nyuma ya sproketi kubwa au kuingiza direla yenyewe kwenye spoki. Gurudumu hufunga ghafla, hanga hukatika, na hayo hutokea mpandaji akiwa kilimani, pale anapoihitaji namba 1.

Skrubu ya ukuta huonekana ikifanya kazi pale tu direla inapoigusa. Ukizungusha L huku cheni ipo sproketi ndogo hutaona chochote, na ndivyo watu wanavyoizungusha mara tano wakidhani imekufa.

Funga waya. Bofya shifta kwenda namba 7 mara kadhaa kuhakikisha imefika mwisho. Tafuta mfereji mdogo kwenye direla chini ya bolti. Waya ulale humo. Ukiupitisha upande mwingine wa bolti, urefu wa mkono unaouvuta hubadilika, na gia za katikati hazitakubaliana na shifta hata ukeshe. Vuta waya kwa plaisi mpaka uishe ulegevu tu, bila kuisogeza direla, kisha kaza bolti. Shimano hutaja niutoni mita 6 hadi 7: kwa alenki fupi, ni mkazo imara wa mkono mmoja bila kuning'inia.

Halafu peleka gia namba 1, shika waya ulio wazi kwenye fremu na uuvute kwa nguvu mara mbili tatu. Maganda na kofia zitakaa kwenye viti vyake. Rudi namba 7; waya ukiwa umelegea, fungua bolti uukaze upya. Ukiruka hatua hii, marekebisho yatapotea kabla hujafika sokoni.

Sasa kipipa. Mbele weka sproketi ya kati, nyuma namba 7. Zungusha pedali na ubofye tik moja. Cheni ipande mara moja kwenye sproketi ya pili kutoka ndogo, yaani namba 6. Ikisita au isipande, waya umelegea: zungusha kipipa kinyume cha saa, kikitoka nje, robo au nusu mzunguko. Ikiruka mpaka ya tatu, waya umekaza mno: zungusha kama saa.

Ikikubali, ipo njia ya Shimano ya kupata sehemu yenyewe hasa. Cheni ikiwa kwenye sproketi ya pili, endelea kuzungusha pedali huku ukibonyeza shifta kidogo, ule ulegevu wake tu uishe, kabla ya tik. Sikiliza. Cheni inatakiwa kuanza kuigusa sproketi ya tatu na kutoa mchakacho mwembamba, na ukiachia shifta kimya kirudi. Isipotoa sauti yoyote, kaza waya kidogo. Ikichakacha kabla hujabonyeza, legeza. Kwa shifta ya kuzungusha mkononi, igeuze kidogo tu bila kuifikisha kwenye namba inayofuata. Usikivu ni uleule.

Pita gia zote kwenda 1, kisha rudi zote hadi 7. Ikipanda vizuri lakini inachelewa kushuka, msuguano upo kwenye waya. Ukikaza waya kwa kipipa, kupanda kunapona na kushuka kunaharibika. Ukilegeza, kinyume chake. Huo si ugonjwa wa kipipa. Rudi kwenye ganda.

Ukiwa namba 1, bonyeza shifta kwa nguvu zaidi ya kawaida huku pedali inazunguka. Cheni isithubutu kuvuka. Ikijaribu, kaza L robo moja.

Direla nyingi zina skrubu ya tatu, B, nyuma ya bolti inayoshika hanga. Baadhi za bei nafuu hazina. Weka sproketi ndogo mbele na kubwa nyuma, utazame pengo kati ya kigurudumu cha juu na meno ya sproketi kubwa: milimita 5 hadi 6. Kukaza B huongeza pengo. Kikigusa, utasikia mngurumo kwenye namba 1 peke yake. Kikiwa mbali sana, gia zote huwa nzito kuingia.

Yale yasiyoponywa na marekebisho

Cheni ikiruka kwenye sproketi moja au mbili unapokanyaga kwa nguvu, bila kubadilisha gia, meno yake yameliwa. Tazama kama yamechongoka kama pezi la papa. Ikiruka kwa mpangilio, kila baada ya mizunguko michache ya pedali, gia yoyote ile, kuna kiungo kigumu. Zungusha cheni kinyume polepole ukitazama kigurudumu cha chini. Kiungo hicho hakitanyooka kikitoka hapo. Kipinde kwa vidole kushoto na kulia mpaka kilegee, kisha tone la oili.

Gia za mwisho, 1 na 7, zikiwa sawa na za katikati zikikataa kabisa, hesabu gia za shifta na sproketi za nyuma. Shifta ya gia 6 kwa friwili ya 7 haipatani. Shifta ya SRAM (kampuni nyingine ya vipuri) ya uwiano wa 1:1 nayo haipatani na direla ya Shimano, kwa sababu huvuta waya zaidi kwa kila tik. Kwenye baiskeli za mtumba zilizobadilishwa vipuri mara nyingi hili ni la kawaida, na hakuna skrubu itakayolitibu.

Kigurudumu cha juu kikicheza kidogo kushoto na kulia, usikitie washa kukibana. Shimano hukitengeneza hivyo makusudi, kijitafutie katikati ya sproketi. Friwili ikiyumba kidogo ikizunguka bure, nayo ni kawaida.

Oili chafu ya injini isiguse cheni. Ina masizi na vipande vidogo vya chuma, na hushika vumbi mpaka cheni inasaga sproketi kama msasa. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, weka tone moja moja la oili nyepesi kwenye kila kiungo, zungusha, halafu futa ya juu yote kwa kitambaa.

Toka barabarani ujaribu ukiwa umekaa, maana uzito wa mtu hubadilisha tabia ya cheni, na gia zinazoingia kimya hewani zinaweza kulia mlimani. Beba baiskeli na vidole tu, bisibisi iache nyumbani: kinachobaki ni robo ya kipipa. Waya ukiwa mpya, baada ya siku chache za kupanda utajikalia na gia zitaanza kuchelewa kupanda. Nusu mzunguko wa kipipa kinyume cha saa, na hutaugusa tena kwa miezi.